Bata wa Siku ya Martini

Kila mwaka, siku ya Martini Mtakatifu, tarehe kumi na moja Novemba, nachinja bata bukini mmoja na kumwoka. Paja lake la kushoto nalinyofoa, naliweka kinuni, nalitwanga mpaka linakuwa uji. Wageni wakiniona hudhani nimerukwa na akili. Bata wa Martini ni wa kutafunwa, mafuta yachuruzike kidevuni, na mvinyo mpya umsindikize. Nani anatwanga bata? Natwanga mimi, Apollónia Zsombori, kwa sababu kaka yangu aliyekuwa akitwanga hayupo tena. Na hapa kijijini Szilvád yupo mtu mmoja asiye na jino hata moja la mbele, na meno hayo hakuyapoteza kwa uzee.

Kaka yangu aliitwa Gáspár. Zamani ungeuliza habari zake pale ngome ya Nádvár, askari wangekuambia ndiye muungwana wa kweli, mtu aliyetoka kwenye shimo la Waturuki kwa kiapo na kurudi kwa miguu yake mwenyewe kutimiza kiapo hicho. Walisema hivyo kwa miaka mingi, kisha wakaacha. Mimi ni dada yake. Sitamsema kwa ubaya wala sitampamba.

Sisi ni waungwana. Usicheke. Baba alituachia jina, nyumba ya udongo yenye paa la matete, miti michache ya plamu ambayo mbuzi wa jirani waliifaidi kuliko sisi, na haki ya kutolipa kodi, haki isiyotusaidia kitu kwa kuwa hatukuwa na cha kukatwa. Gáspár alikuwa na koti moja la vifungo vya fedha. Alipolivaa na kupanda farasi, wasichana wa ngomeni walipeana viwiko. Mimi nilijua suruali yake ina viraka matakoni kwa sababu nilivitia mimi.

Muungwana wa namna hiyo hana njia ila upanga. Alikwenda Nádvár kabla ndevu hazijamtoka, akawa askari wa farasi, na aliipenda kazi ile. Ngome yetu iko upande huu wa kinamasi, ya bey, mkuu wa Waturuki, iko upande wa pili. Kukiwa na jua unauona mnara wao, nao wanauona wetu. Tunaibiana ng'ombe, tunachomeana nyasi, tunakamatana, na tunajuana kwa majina. Wakati mwingine Mturuki alipita na bendera nyeupe kuja kuuliza kama farasi wake tuliyemwiba bado anachechemea.

Mwaka ule, karibu na Pentekoste, Gáspár aliongoza watu kwenda kuchukua ng'ombe wa bey. Pamoja naye alikuwamo Ambrus Csuti, mpiga zumari wa kikosi, mtu mfupi, mwenye mdomo mpana na utani usiokauka. Huyu alipopiga zumari, hata farasi waliinua masikio. Ng'ombe walipatikana. Wakati wa kurudi Ambrus alimwambia kaka wazunguke kinamasi. Kaka akakataa, akasema muungwana hazunguki. Wakapita katikati ya matete, na Waturuki walikuwa wamekaa humo humo wakiwangoja. Wengine walitoroka. Kaka na Ambrus walilala shimoni kwa bey majira yote ya joto.

Yaliyotokea shimoni nimeyapata kwa Ambrus mwenyewe. Mwanzo wa kupukutika majani, bey aliwatoa nje wafungwa wote wakiwa na minyororo. Bey yule alikuwa amekaa huku miaka mingi, lugha yetu aliisema vizuri, na sikukuu zetu alizijua kuliko mashemasi wengine.

"Gáspár," alisema, "kapteni wenu anamshikilia mshika bendera wangu, Behram. Nenda ukamlete. Ukimleta, wewe na mpiga zumari mko huru wote wawili. Nakupa mpaka siku mnayokula bata. Nani anamdhamini?"

Kwenye mpaka huu ndivyo tunavyofanya, wao na sisi. Mtu hatoki shimoni kwa maneno matupu. Lazima mwenzake asimame badala yake, na asiporudi, mwenzake huyo ndiye anayelipa kwa mwili wake. Akirudi, husimama mbele ya wafungwa wote akasema, "Nimerudi, mfungueni huyu." Hapo ndipo mdhamini anakuwa huru. Kiapo hicho hakivunjwi, hata kwa mpagani, kwa sababu kikivunjwa mara moja hakuna atakayetoka shimoni tena, wa kwetu wala wa kwao.

Wafungwa waliangalia chini. Ambrus akainua mkono.

"Wewe, mpiga zumari?" bey aliuliza. "Asiporudi nitachukua meno yako."

"Yote?"

"Ya mbele. Ya nyuma nakuachia."

"Basi bey una huruma," Ambrus alisema, na wafungwa wakacheka, na hata bey akacheka.

Kaka alimkamata mikono. "Kwa nini wewe, Ambrus?"

"Mkeo ana mimba. Mimi nina zumari, na zumari haizai. Ila usichelewe, bwana. Bila meno ya mbele nitabaki kupiga miluzi, nayo haitatoka."

Gáspár akala kiapo mbele ya wote. Aliapa kwa Mungu kwamba siku ya Martini bata hatapita kooni mwake kabla Ambrus hajala bata huyo nyumbani kwake akiwa huru. Hakuna aliyemwomba aseme hayo. Alikuwa mtu wa kuongeza chumvi.

Alirudi kwetu na pete ya chuma kifundoni, kama wanavyorudi wote waliotoka kwa kiapo. Mkewe, wifi yangu Dorottya, alimpokea akiwa na tumbo kubwa. Dorottya alikuwa ameshazika watoto wawili wachanga, na tumbo hili la tatu alilibeba kwa hofu. Usiku alikuwa akiniita nimwekee mkono nione kama mtoto anacheza.

Kapteni alimkatalia kaka, akamzungusha, akamkaripia, lakini mwishowe alimtoa Behram. Behram alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kovu shavuni, ambaye muda wote wa kifungo chake alitunza farasi wa ngome kuliko wenyewe walivyowatunza. Alikuja kukaa kwetu, akala mezani petu. Wangeweza kuondoka kesho yake. Ni mwendo wa nusu siku tu kwa farasi.

"Ngoja nijifungue," Dorottya alimwambia mumewe. "Ukienda sasa, nitamzika na huyu."

"Bado kuna muda," kaka alisema.

Muda ulikuwepo kweli. Ndipo mfalme akala siku zetu kumi.

Mpiga ngoma wa ngome alitoka getini akatangaza kwamba, kwa amri ya mfalme, kalenda mpya ya Papa inaanza, na kwamba siku kumi za mwezi wa Oktoba zimefutwa: leo tunalala Oktoba, kesho tunaamka Novemba, Siku ya Watakatifu Wote. Watu walipiga kelele wakitaka kujua siku hizo zimekwenda wapi. Mhubiri wetu wa Szilvád, mtu wa mageuzi, alipanda mimbarani akasema hatamfuata Papa hata Papa akisema jua linachomoza mashariki. Kwa hiyo ngomeni wakafuata kalenda mpya, kijijini tukabaki na ya zamani, na mume wa ngomeni aliyeoa kijijini alikuwa na Krismasi mbili.

Martini ya ngomeni ilipofika, kapteni alimpelekea kaka bata na jagi la mvinyo mpya, kama alivyowapelekea askari wake wote. Nilimwoka bata yule kwa tufaha. Tukakaa mezani mchana: Gáspár, Dorottya, Behram na mimi. Kabla sijamkata, mzinga wa Nádvár ukalia, kama unavyolia kila Martini pipa la kwanza linapofunguliwa. Madirisha yalitikisika.

Behram akaweka mkate wake chini.

"Bwana Gáspár, mzinga ule ni wa nini?"

"Wa mvinyo."

"Mvinyo mpya mnaufungua siku gani?"

Kaka alilisogeza jagi la mvinyo kando.

"Bey ana masikio," Behram alisema. "Tukitandika farasi sasa hivi, tutafika kabla jua halijazama."

"Hiyo ni Martini ya Papa," kaka alisema. "Mimi ni mtu wa kalenda ya zamani. Martini yangu haijafika."

"Na huyu mezani ni bata wa nani?"

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, kwa sababu alivyolisema lilichekesha. Kisha nikamwona kaka uso wake, kicheko kikanikauka. Alimtazama bata. Alimtazama Dorottya, aliyekuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili. Nilijua anachopima moyoni, nasi sote tulijua, na hakuna mtu mezani pale aliyekuwa mjinga.

Dorottya alinyofoa paja la kushoto akaliweka kwenye sahani ya mumewe. "Kula, mume wangu. Siku ni zetu, si za Waturuki."

Akala. Ndilo jambo ninalotaka lieleweke vizuri, kwa sababu baadaye kila mtu alilizungumza kama vile ni hesabu tu za makasisi. Mtu aliyeamini kwamba Martini haijafika angeacha bata akae. Kaka alikula paja lote, akalamba mfupa, akanywa mvinyo. Behram aliinuka, akanawa mikono, akaenda kulala zizini na farasi, na tangu siku hiyo hakula tena mezani petu.

Mtoto alizaliwa kabla ya Martini ya kijijini. Alikuwa wa kiume na alilia kwa nguvu, na Dorottya alilia kuliko yeye. Kaka akambatiza jina la Ambrus kwa heshima ya mdhamini wake. Mhubiri aliusifu uamuzi huo mbele ya kanisa zima.

Baada ya ubatizo ndipo walipoondoka, mkesha wa Martini yetu. Mimi niliwafuata na mkokoteni ili nimbebe Ambrus mpiga zumari kumrudisha nyumbani. Nilichukua blanketi, mkate, na paja la bata nililolioka mapema na kulifunga kwa kitambaa, ili Ambrus awe wa kwanza kula kama kaka alivyoapa. Nilidhani nafanya jambo zuri. Nilidhani labda bey naye hafuati kalenda ya Papa. Mtu akitaka jambo liwe, hujidanganya kwa urahisi.

Kesho yake, kivukoni, Waturuki waliokwisha kupata habari walikuwa wanangoja ng'ambo ya maji wakiwa na wafungwa. Ambrus alikuwa mbele, kamba shingoni, kitambaa cheusi kimemfunga taya mpaka utosini. Kitambaa kilikuwa kigumu kwa damu ya zamani. Nikajua.

Behram alivuka maji, nasi nyuma yake. Alipofika kwa Ambrus alisimama, akamwinamia sikioni, akasema maneno machache, akamgusa bega, akapita bila kugeuka. Sasa ilikuwa zamu ya kaka kusema. Wafungwa walimtazama. Alifungua kinywa, na badala ya kusema "Nimerudi, mfungueni huyu", alisema:

"Ambrus, ni kalenda. Mfalme amebadili kalenda. Tungejuaje bey angefuata ipi?"

Ambrus alimtazama. Kisha akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali. Askari wa bey walimkata kamba wenyewe, wakampasulia kaka ile pete ya chuma, kila mtu akaenda zake.

Njiani nilimpa Ambrus kifurushi. Alikifungua, akakiona kilichomo, akakifunga tena vizuri, akanirudishia. Hakuonyesha hasira. Ningefurahi kama angenitupia usoni.

Kijiji kilichukia, lakini kilimchukia Papa. Mhubiri alihubiri kwamba kalenda ya Roma imevunja meno ya Mkristo, na wanawake walilia. Kuhusu kaka walisema: tazama, alikuwa nyumbani, kwa mkewe na mwanawe mchanga, angeweza kukaa, lakini alirudi kwa mpagani siku ile ile aliyoapa, kwa kalenda ya baba zetu. Kapteni naye, wa kalenda mpya, hakutaka ionekane kwamba amri ya mfalme ina lawama, akamsifu vilevile. Akampa bendera ya kikosi. Kaka yangu, mtu wa miti ya plamu, akawa luteni.

Nilimwona siku aliyoletewa bendera ile. Aliiegemeza ukutani, akakaa akiiangalia, akasema, "Apollónia, hii ni ya meno."

"Basi irudishe."

"Nitasemaje?"

"Sema ulikula bata."

Aliinuka akatoka nje. Tangu siku hiyo bata hakuingia tena kinywani mwake. Kila Martini ya ngomeni alinunua bata mnono kuliko wote, akaniomba nimwoke, kisha akalikata paja la kushoto yeye mwenyewe, akalitwanga kinuni kwa mikono yake yenye makovu, akalichanganya na mchuzi, nasi tukampelekea Ambrus sufuria ikiwa ya moto. Ambrus alikula kwa kijiko. Alishukuru. Akatania: "Papa alikula meno yangu, luteni ananilisha. Nina watumishi wakubwa mimi!" Zumari ilining'inia juu ya kitanda chake na buibui ndani yake. Kijana mwingine alipiga zumari ya kikosi, vibaya.

Vitani kaka alikuwa akienda mbele bila kofia ya chuma. Watu waliita ushujaa. Mimi niliona mtu anayetafuta wa kumpiga, na kila aliporudi bila jeraha alikuwa na sura ya mtu aliyenyimwa. Dorottya alimpenda na kumwogopa. Hawakusema juu ya bata yule, si mchana si usiku, na nyumba yenye jambo lisilosemwa ina baridi hata jiko likiwaka. Mtoto walipomwita, "Ambrus!", nilimwona kaka anashtuka. Alijitwika mwenyewe mzigo ule wa jina, na kila siku aliubeba mara kumi.

Miaka ikapita. Siku moja kapteni alimwambia kaka awafundishe askari wapya kiapo cha wadhamini, kwa kuwa nani anayekijua kuliko yeye. Alisimama mbele yao uwanjani, bendera mkononi. Akaanza: "Mtu akitoka shimoni..." Akanyamaza. Akaanza tena, akanyamaza tena. Askari wakadhani anaumwa. Aliwaacha pale pale, akaja nyumbani, akanikuta natoa bata jikoni, maana ilikuwa Martini.

"Beba sufuria, nami nabeba kinu," alisema. "Twende."

"Hujatwanga."

"Nitatwanga huko."

Alitwanga mbele ya Ambrus, amepiga magoti sakafuni, huku jasho linamtoka. Kisha akaacha mchi ndani ya kinu.

"Ambrus, sikukosea kalenda. Mzinga nilisikia. Behram aliniambia tuondoke, na wakati ulikuwepo. Nilikula bata, paja zima, kabla yako. Nilitaka nimwone mtoto. Nilijua, Ambrus. Nilijua yote."

Ambrus alikuwa akijifuta mate kidevuni.

"Na mimi najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Behram aliniambia kivukoni. 'Alikula paja.' Ndivyo alivyosema, basi."

Kaka alibaki amepiga magoti. "Miaka yote hii? Na mbona hukusema?"

"Mimi niseme nini, bwana? Anayetoka shimoni ndiye anayesema. Mimi ni mdhamini tu. Nilikaa nakungoja."

"Nisamehe."

"Hayo ya kusamehe baadaye. Ulisahau neno lako pale kivukoni. Hujanifungua. Nimekuwa mdhamini wako mpaka leo, na nimechoka."

"Nimerudi," kaka alisema kwa sauti ndogo. "Mfungueni..."

"Si hapa. Hapa nani anasikia? Apollónia na kinu? Desturi ni mbele ya watu."

Nitasema ukweli, niliwachukia wote wawili saa ile. Njiani nilimshika kaka koti, vifungo vya fedha vikaniumiza vidole. "Usithubutu! Ameshajua, ameshakula, imetosha! Una mke, una mtoto anayebeba jina. Unataka watutemee mate?"

"Ndiyo," alisema.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, akasimama ngazini amevaa koti lile. Alisema yote, kuanzia mzinga mpaka mfupa. Kisha akamgeukia Ambrus aliyekuwa amesimama chini na kofia mkononi, akasema kwa sauti ya uwanjani: "Nimerudi. Mfungueni huyu."

Ambrus alivaa kofia yake akaenda nyumbani, na nikaona anatembea wima kuliko nilivyozoea kumwona. Mwanamke mmoja alitema mate, si mbali na kiatu cha kaka. Mhubiri, aliyehubiri mara nyingi juu ya kalenda na meno, aliingia tena ndani akafunga mlango. Jioni kapteni akatuma watu kuchukua bendera.

Kaka alirudi kuwa askari wa kawaida. Wenzake walipanda farasi pamoja naye, lakini walikula kando. Usiku alikuwa akilala, jambo ambalo Dorottya aliniambia hakuwahi kuliona tangu mtoto azaliwe. Mimi sikumsemesha majira yote ya baridi. Yeye alikuwa mwepesi, na aibu ilikuwa imetuhamia sisi. Lakini Martini iliyofuata alipolikata paja, niliushika mchi nikamsaidia.

Vita vikubwa vilipoanza, kila kinamasi kiliwaka. Kaka alikamatwa tena, katika matete yale yale. Safari hii hakuongoza mtu. Alibaki nyuma ili wengine wavuke.

Kulikuwa na bey mpya, na desturi ilikuwa ile ile. Mfungwa aliyetoka baadaye ndiye aliyetuletea habari, akakaa jikoni kwangu huku Ambrus naye amekuja kusikiliza. Alisema bey alimtoa Gáspár mbele ya wafungwa, akasema atamwachia aende kutafuta cha kujikomboa, nani anamdhamini? Shimoni walikuwamo watu wetu wengi, wa Nádvár na wa Szilvád. Wote walikuwapo ile Jumapili au walihadithiwa. Hakuna aliyeinua mkono.

"Hata mimi sikuinua," yule mtu alisema, akaanza kulia. "Nina watoto, dada Apollónia. Nilimwangalia, nikaangalia meno yangu... ninaangaliaje meno yangu? Lakini ndivyo nilivyohisi."

"Naye alifanyaje?"

"Alitungoja kidogo. Kisha akasema, 'Msijilaumu. Hata mimi nisingejidhamini.' Akakaa chini mahali pake. Alikufa kabla theluji haijayeyuka. Homa tu."

Nilimpa mtu yule mkate na mvinyo, akaondoka. Dorottya alikwenda chumbani na mwanawe. Mimi nilibaki jikoni na Ambrus, kwenye kinu kile alichokuwa akikitumia kaka. Sikujua pa kuipeleka hasira. Kama asingesema ngazini, wangemdhamini wote. Kumi wangeinua mikono. Angekuwa hai, mwongo na hai, na angalau angekuwa hapa. Nikamgeukia Ambrus, maana hakukuwa na mwingine.

"Wewe ndiye uliyemtaka aseme mbele ya watu."

"Ndiye mimi."

"Ungekuwa shimoni siku ile, ungefanyaje?"

Alifikiri. Ufizi wake ulitembea kama unatafuna kitu.

"Ningemuuliza kwanza," alisema, "Martini ipi?"

Nilitaka kumpiga na mchi. Nilicheka. Nilicheka kama nilivyocheka siku ya yule bata, na kilio kikatoka pamoja na kicheko, nikashindwa kuvitenganisha.

"Halafu?" niliuliza. "Angekujibu, halafu?"

Ambrus alikuwa akiutazama mkono wake wa kulia, uliolala gotini.

"Halafu ningeuinua," alisema. "Angerudi, dada. Safari hii angerudi."

Ilikuwa bado mbali na Martini, lakini nilikuwa na bata mmoja uani. Nilitoka nikamchinja.